Siku ya Kuyarudisha Maji

Mwishoni mwa Aprili jimbo la Minnesota hubaki na theluji ya masalio. Imejificha kwenye vivuli vya kuta na pembezoni mwa maegesho, nyeusi kwa vumbi, ilhali penye jua nyasi zimeshaanza kuchomoza. Watu waliojifungia tangu Novemba hutoka nje, wakafagia mchanga uliomwagwa barabarani kuzuia utelezi, wakaosha mashua zilizolala juu ya trela, wakafungua madirisha. Katika nyua nyingi za vitongoji vya Minneapolis na St. Paul utaona pia gari refu jeupe, lenye madirisha na mapazia, likivuliwa turubai. Hilo ni gari-nyumba. Ndani mna vitanda, jiko, friji, choo na bafu, na wenyewe huliendesha hadi misituni na kando ya maziwa joto likiingia. Limelala bila moto wala maji majira yote ya baridi, na sasa ni siku ya kulirudishia maji.

Nilikwenda huko kumwona dada yangu, anayeishi na mumewe na watoto wao Brooklyn Park, kitongoji chenye Waafrika wengi. Unga wa ugali, bamia na samaki wakavu hupatikana madukani bila shida. Kwa kuwa nimezaliwa na kukulia Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, nilikwenda nikiwa na hamu ya kuliona Ziwa Superior, lile pekee linaloipita Victoria kwa ukubwa wa eneo miongoni mwa maziwa ya maji baridi duniani. Nililiona, na nitalisimulia. Lakini lililonikaa moyoni kuliko yote ni kazi tuliyoifanya uani kabla ya kuondoka, tukiwa na spana, ndoo na mpira wa maji.

Gari-nyumba la shemeji ni la mtumba. Alilinunua kwa mzee mmoja mjane wa mtaa wa pili, ambaye kwa miaka mingi alizunguka nalo yeye na mkewe, hadi mke alipofariki na safari zikakosa ladha. Watoto wa dada wanamwita Babu, naye amelikubali jina hilo kwa furaha. Alipolikabidhi gari alikabidhi na daftari. Mkewe alikuwa ameandika humo, kwa mwandiko wa mviringo, kila kilichofanywa kila mwaka: tarehe ya kutoa maji, tarehe ya kuyarudisha, mpira gani ulibadilishwa, koki gani ilianza kulegea. Pembeni mwa kurasa aliandika na mambo mengine, kama mvua iliyonyesha siku ile, au ndege aliyejenga kiota chini ya ngazi ya gari hata wakalazimika kungoja vifaranga waruke. Shemeji alinionyesha daftari lile kabla hajanionyesha injini. Nikajua huyu hakununua gari tu.

Sisi tuliozaliwa karibu na ikweta hatuna sababu ya kujua baridi hufanya nini ndani ya bomba. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9. Katika bilauri hilo ni jambo dogo. Ndani ya koki iliyofungwa, mahali ambapo hayana pa kwenda, hupasua plastiki na hata shaba. Minnesota usiku wa Januari huweza kushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri. Nyumba ya kuishi huwashwa moto mchana na usiku, mabomba yake yakasalimika. Gari-nyumba lililoegeshwa uani halina moto. Kwa hiyo kila mwaka, Oktoba inapoelekea mwisho, mwenye gari huyaondoa maji yote: hufungua vizibo vya chini, husukuma hewa kwa kompresa, kisha hupitisha kwenye mabomba dawa ya rangi ya waridi isiyoganda. Dawa hiyo hutengenezwa kwa propilini glaikoli, isiyo na sumu kali, tofauti na ile ya rejeta za magari iliyotengenezwa kwa etilini glaikoli, ambayo huua. Babu alirudia tofauti hiyo kila mara watoto waliposogea, na hakuna aliyemwambia kwamba alishaisema.

Kazi ilianza asubuhi, Babu akiwa ameketi kwenye kiti cha kukunja, daftari mapajani. Jambo la kwanza lilikuwa kutazama tu. Tulifungua kila mlango mdogo, tukapiga tochi chini ya sinki, nyuma ya choo, chini ya kitanda ambako pampu imejificha. Tulitafuta madoa, nyufa, na alama za meno ya panya, maana panya nao hutafuta pa kujisitiri baridi ikizidi. Kisha tukafunga vizibo vya chini, tukaunganisha mpira mweupe. Rangi ina maana: mpira mweupe ni wa maji ya kunywa pekee, wa kijani ni wa bustani, na hakuna mtu mwenye akili zake huko anayeichanganya. Katikati tukafunga kipunguza presha, kwa sababu nguvu ya bomba la mtaani inaweza kuzidi uwezo wa mabomba membamba ya gari.

Mpwa wangu mdogo alipewa kazi ya kufungua koki za ndani, moja baada ya nyingine, akianza na iliyo karibu. Kwanza zilikohoa hewa. Kisha yakatoka maji ya waridi, yakafifia, yakaanza kung'aa.

"Mjomba, yameshakuwa safi!" alipaza sauti kutoka dirishani.

"Acha yatiririke bado," Babu akasema alipotafsiriwa maneno hayo. "Safi ya macho hutangulia safi yenyewe."

Hita ya maji ina taratibu zake. Majira ya baridi huzungukwa: vali tatu nyuma yake hugeuzwa ili dawa ya waridi ipite pembeni isiingie tangini. Kabla ya kuzigeuza tena, shemeji alifungua kizibo cha nje, akachomoa fimbo ya magnesiamu inayokaa ndani ya tangi la chuma. Fimbo hiyo imewekwa iliwe na kutu badala ya tangi. Mpya ni nene kama kidole gumba. Tuliyoichomoa ilikuwa imebaki waya uliojaa mabonde. Shemeji akaishika kwenye mwanga, akaitazama kwa muda. Akaosha matope meupe ya chokaa yaliyotuama chini ya tangi, akafunga fimbo mpya kwa tepu nyeupe ya mafundi bomba, akageuza vali, akaacha koki ya maji moto wazi hadi hewa yote ikaisha. Hapo tu ndipo hita huweza kuwashwa. Ikiwashwa ikiwa tupu, koili yake ya umeme huungua mara moja.

Baada ya hapo likaja jaribio ambalo Babu alilingojea. Tulitia maji kwenye tangi la gari, tukauchomoa mpira, tukawasha pampu. Ni pampu ndogo ya volti 12 inayotumia betri. Husukuma mpaka presha ijae, kisha hujizima. Koki zote zikiwa zimefungwa, inapaswa kukaa kimya. Babu aliinua mkono tunyamaze. Pampu ikajizima. Tukasubiri. Mara ikanguruma kidogo, ikanyamaza. Baada ya muda, tena.

"Kuna mahali yanatoka," alisema. "Msikimbilie kufungua. Maji huonyesha yenyewe yalipo."

Tukazunguka kwa karatasi za jikoni, tukigusa kila kiungo kwa ncha ya karatasi kavu. Karatasi ililowa nyuma ya gari, kwenye kisanduku cha bomba la kuogea nje, lile la kuoshea miguu yenye mchanga. Elbo ya plastiki, kile kiungo cha pembe, ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Matone machache yalibaki humo tangu Oktoba, baridi ikayageuza barafu, barafu ikafanya kazi yake. Tulipolifungua daftari, tukakuta mke wa Babu aliwahi kuandika kuhusu pembe ileile, miaka mingi nyuma: ikaguliwe kwa mkono. Babu alisoma mstari ule, akalifunga daftari polepole, akaomba chai.

Dukani tulikokwenda kununua elbo, kulikuwa na foleni ya watu wenye shida zinazofanana. Rafu moja ilijaa mipira myeupe, vipunguza presha na viungo vya plastiki, na mbele yake watu wasiojuana walisimama wakionyeshana vipande vilivyopasuka. Bwana mmoja aliyevaa kofia ya uvuvi alimwelekeza shemeji aina ya kiungo kinachobana bila gundi, kisha akamwuliza anakwenda ziwa gani mwaka huu. Minnesota ina maziwa zaidi ya 10,000, hivyo swali hilo lina majibu mengi. Shemeji alijibu, wakapeana maelekezo ya kambi na barabara. Amekaa katika nchi ile muda mrefu, na aliniambia kwamba kwa miaka mingi mazungumzo yake na wenyeji yaliishia kwenye hali ya hewa. Siku aliyosimama mbele ya rafu ile na bomba lililopasuka mkononi, aliulizwa habari zake. Nilimwelewa. Mgeni hukaribishwa mezani, lakini uenyeji huanza pale anapokuwa na kitu cha kutengeneza ambacho jirani yake naye anakitengeneza.

Mchana ule dada alileta pilau na kachumbari uani, tukala tumesimama. Babu aliomba aongezewe pilipili.

Kazi ya mwisho ilikuwa kuua vijidudu, na hapa nilijikuta kwetu. Dawa yenyewe ni jiki ya kawaida, isiyo na manukato. Kipimo chao cha siku zote ni robo kikombe kwa kila galoni 15 za tangi, yaani takriban mililita 60 kwa lita 57. Huchanganywa kwanza na maji kwenye ndoo, humiminwa tangini, tangi likajazwa. Kisha hufunguliwa kila koki, ya baridi na ya moto, hadi pua ipate harufu ya klorini. Hapo hufungwa na kuachwa saa kadhaa, wengine hulaza usiku kucha. Baadaye maji yote humwagwa, tangi likajazwa na kumwagwa tena hadi harufu iishe.

Harufu ile ilinirudisha Mwanza, jikoni kwa mama, ambako chupa ndogo ya dawa ya maji ya Waterguard ilikaa juu ya dirisha na sisi watoto tulipokezana zamu ya kuitia kwenye ndoo ya maji ya kunywa, tukafunika, tukasubiri nusu saa. Tulikaa karibu na ziwa kubwa kuliko nchi nyingi za dunia, na bado kila kikombe tulichokunywa kilikuwa kimepita mikononi mwa mtu: aliyekinga, aliyechuja kwa kitambaa, aliyechemsha, aliyefunika. Dada aliposikia harufu ile naye alitoka nje, tukatazamana bila kusema. Watoto wake hawajui ndoo ya kunywa. Kwao maji huishi ukutani, ukigeuza koki yanakuja, moto au baridi upendavyo. Siku ile tu, wakiwa wameketi kwenye ngazi ya gari, ndipo walipoona kwamba maji yana njia, yana hatari, na yana watu wanaoyashughulikia.

Gari likiwa tayari, tulielekea kaskazini kwa barabara kuu ya 35 hadi Duluth, mji unaoteremka mlima kuelekea bandarini. Huko meli ndefu hupakia madini ya chuma, zikapita chini ya daraja ambalo sehemu yake yote ya katikati hupandishwa juu kuzipisha. Hapo ndipo nilipoliona Ziwa Superior. Lina kilomita za mraba 82,000 hivi. Victoria ina karibu 69,000. Lakini Victoria ina kina cha mita 80 tu, na Superior hushuka hadi mita 406. Niliingiza mkono nikautoa upesi. Mei ilikuwa imeingia, na bado maji yalikuwa na ubaridi wa friji. Hakuna anayefua kando yake, hakuna mtoto anayeruka kutoka mwambani, hakuna mama anayeanika dagaa. Ukubwa niliuzoea, upweke wake ulinishtua. Nilisimama pale nikiukumbuka mwalo wa Kirumba kule Mwanza na makelele yake, nikashukuru kwa ajili ya ziwa letu lenye vuguvugu na watu.

Barabara namba 61 huambaa na ziwa kuelekea Kanada, kuta za mawe upande mmoja, maji upande mwingine. Tulipita maporomoko ya Gooseberry, yenye maji ya rangi ya chai yaliyojaa theluji iliyoyeyuka, na mnara wa taa wa Split Rock, ulioanza kazi 1910 baada ya dhoruba ya Novemba 1905 kuharibu meli nyingi. Kila Novemba 10 taa yake huwashwa kuwakumbuka mabaharia 29 wa meli Edmund Fitzgerald iliyozama 1975. Mtu wa Mwanza hawezi kusoma kibao cha namna hiyo asikumbuke Mei 21, 1996, siku meli ya MV Bukoba ilipozama katika ziwa letu. Maji baridi au vuguvugu, yanadai heshima ileile.

Mwanzoni mwa Mei kambi nyingi za kaskazini hazijafungua mabomba. Katika sehemu hiyo ya jimbo kanuni za ujenzi hutaka misingi ya nyumba ishuke mita 1.5 kwenda chini, maana ardhi yenyewe huganda. Mabomba ya kambini yana mkono mrefu juu, na koki yake iko chini kabisa, ambako baridi haifiki. Ukifunga, maji yaliyobaki kwenye mlingoti hushuka yenyewe. Mpaka wahudumu wayapime na kuyaruhusu, msafiri hutumia alichobeba. Sisi tulibeba lita 150 na nafsi tano. Mmarekani mmoja, kwa wastani, hutumia nyumbani zaidi ya lita 300 kwa siku.

Ndani ya gari kuna taa ndogo nne zinazoonyesha kiasi kilichobaki tangini. Watoto walizizoea upesi. Walianza kuulizana nani ameacha koki wazi akipiga mswaki. Vyombo vilioshwa kwa beseni, na maji ya kusuuzia yakatumika kuoshea vingine. Mpwa wangu mkubwa alilalamika kwamba bafu la gari humlazimu kulowa, kufunga, kujipaka sabuni, kufungua tena. Nikamwomba dada ndoo na kopo. Nilitia nusu ndoo ya maji ya vuguvugu, nikamwonyesha kwa mikono, tukiwa nje tumevaa makoti, jinsi kopo moja linavyoanzia begani na kushuka mwili mzima. Aliingia nayo bafuni. Alipotoka, nywele zikiwa zimesuuzika vizuri, alisema maji yamebaki. Dada alicheka hadi akashika mlango. "Hivyo ndivyo mama alivyotulea," alimwambia. "Kopo la mwisho lilikuwa la miguu."

Grand Marais, mji mdogo wa wavuvi, tulinunua samaki wa ziwa waliokaushwa kwa moshi, nyama yao ya rangi ya chungwa na mafuta tele. Tuliwala kwa ugali uliosongwa kwenye jiko dogo la gesi, na shemeji akaapa kwamba hawapitwi na sangara. Sikukubali, ingawa niliongeza kipande. Asubuhi watoto walimwagia chapati asali ya mti wa mepo. Utomvu wake hukingwa mwishoni mwa baridi, usiku bado ukiganda na mchana ukiyeyuka, nao huchemshwa hadi lita 40 hivi zibaki lita moja. Katika nchi ile hata utamu hupatikana kwa kuondoa maji kwa subira.

Mbele ya Grand Marais ni Grand Portage, ardhi ya Waojibwe, wenyeji wa asili wa huko. Mama mmoja aliyekuwa akiuza kazi za shanga alituuliza tunatoka wapi. Tulipomwambia kwamba sisi ni watu wa Ziwa Victoria, alitusimulia habari za Josephine Mandamin, bibi wa Kianishinaabe, jamii kubwa ambayo Waojibwe ni sehemu yake, aliyeishi Thunder Bay ng'ambo ya mpaka. Kwa mila zao, kuyatunza maji ni wajibu wa wanawake. Mwaka 2003 bibi huyo aliongoza wenzake kulizunguka Ziwa Superior kwa miguu, wakiwa wamebeba maji kwenye ndoo ya shaba, ili watu wakumbuke kwamba maji huchafuka na huisha. Waliendelea na maziwa makuu mengine miaka iliyofuata. Alifariki 2019, na wengine wameichukua ndoo.

Niliyasikiliza maneno yale nikiwaza akina mama wa mitaa yetu ya Igoma na Buhongwa niliowaona tangu utotoni, ndoo kichwani alfajiri. Wao hawakutembea ili kukumbusha mtu. Walitembea kwa sababu bomba lilikuwa kavu. Sitaki mwanamke yeyote arudishiwe mzigo ule. Bomba la ndani ni neema, na kila nyumba ya Mwanza inastahili kuwa nalo. Ninachohofia ni jambo jingine: neema hii inaingia huku maarifa yakitoka. Mitaa yetu mipya ina simtank juu ya minara, pampu za umeme, mabomba yaliyozikwa ukutani. Watoto wanaokua humo hawajui tangi lilisafishwa lini, wala hawajawahi kuchungulia tope lililolala chini yake. Tuliposhika ndoo tuliyajua maji kwa lazima. Sasa inabidi tuyajue kwa kuamua.

Wamarekani niliowaona wana kila sababu ya kuyasahau maji, lakini baridi huwalazimisha wenye magari-nyumba kuyatoa yote na kuyaalika upya kila mwaka, koki kwa koki, watoto wakitazama na wazee wakisimulia. Sisi hatuna baridi ya kutulazimisha. Tuna mvua za vuli, na kabla hazijaanza panafaa pawe na siku. Siku ya kulikausha simtank, kulisugua, kulitia dawa na kulisuuza. Ya kufuata bomba kwa mkono kutoka mnarani hadi jikoni. Ya kukagua kila kiungo na kuandika kilichobadilishwa, ili atakayekuja kuishi humo baada yetu asianze na giza. Kwangu nimeshaitenga, ni Jumamosi ya kwanza ya Oktoba. Nimenunua daftari la jalada gumu, na mwanangu wa darasa la tano ndiye atakayeandika.